Njia za Baisikeli katika Bonde la Zigi

Tangu mwaka 1962, ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, yameandikwa mengi juu ya ngoma zetu, mashairi yetu, uchongaji, mavazi na mapishi. Hayo yote yalistahili kuandikwa. Lakini iko kazi moja ya mikono na miguu ya watu wetu ambayo sijaiona ikitajwa sana katika vitabu vya namna hii, nayo ni njia. Sisemi barabara kuu za lami, ambazo zina wahandisi wake na mafungu yake katika bajeti ya serikali. Nasema zile njia za changarawe na udongo mwekundu zipitazo kando ya mito na migongoni mwa vilima, ambamo motokaa haipiti, ama kwa sababu haiwezi, ama kwa sababu haina la kufuata huko. Ni njia za waendao kwa miguu na za wenye baisikeli. Nitazisema za bonde moja tu, bonde la mto Zigi wilayani Muheza, kwa kuwa ndilo nilijualo, na kwa kuwa nimelipanda na kulishuka kwa baisikeli katika miaka mingi ya kazi yangu ya ualimu.

Mto Zigi huanzia katika milima ya Usambara Mashariki. Huteremka ukipokea maji ya vijito vingi na ya ndugu zake wawili, Kihuhwi na Muzi, kisha hukata nchi tambarare mpaka baharini karibu na Tanga. Maji wanywayo watu wa mji wa Tanga hutoka katika mto huu, kwenye bwawa la Mabayani lililojengwa mwaka 1978. Wajerumani waliliandika jina lake Sigi, na jina hilo limebaki kwenye kituo cha zamani kilichoko chini ya mlima. Lakini sisi tunaoyanywa maji yake tunauita Zigi. Huko juu iko Amani, zaidi ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, penye msitu, ukungu na mashamba ya chai ya Kwamkoro, Monga na Bulwa. Huku chini iko Muheza, nchi ya Wabondei, nchi ya machungwa na mkonge. Kati ya ncha hizo mbili utapita shamba la mitiki la Longuza, utapita Kisiwani, utafika Sigi, ndipo mlima unapoanza hasa.

Iko barabara ya magari kutoka Muheza hadi Amani, na mabasi huipanda. Hiyo siizungumzii, ila pale njia zetu zinapoikata. Maana mwenye baisikeli aliyebeba mzigo haifuati barabara ya magari isipokuwa kwa shida. Yeye anayo nchi yake nyingine pembeni, inayojulikana kwa wale waipitao, nayo ina matawi mengi kama mizizi ya mti.

Mtu akizichunguza njia hizi ataona kwamba hazikuzaliwa kwa namna moja. Ya kwanza, na ndiyo ya kale kuliko zote, ni njia ya miguu. Njia ya miguu haiogopi mlima. Mtu aendaye kwa miguu hupenda kufupisha mwendo, hivyo njia yake hupanda moja kwa moja kama ngazi, ikifuata mgongo wa kilima, mahali ambapo maji hayakusanyiki na ambapo mtu huona mbele na nyuma. Wahenga waliozipasua njia hizi walijua jambo ambalo wahandisi hulijifunza chuoni, kwamba adui wa njia ni maji. Njia iliyopita mgongoni hudumu miaka mia. Iliyopita ubavuni bila mfereji huliwa kwa masika mawili. Lakini kwa baisikeli njia ya mgongoni ni adhabu. Kupanda utasukuma, na kushuka utasukumwa.

Ya pili ni njia ya reli, na hapa msomaji asishangae. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani walitoa tawi jembamba kutoka Tengeni, jirani ya Muheza, hadi Sigi. Urefu wake ulikuwa kiasi cha kilomita 23, na upana kati ya chuma na chuma sentimita 75 tu. Kazi yake ilikuwa kuteremsha magogo yaliyokatwa mlimani. Vyuma viling'olewa zamani sana, na jengo la kituo cha Sigi limekarabatiwa likawa mahali pa kuwapokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Wengi hutazama jengo, wakapiga picha, wakaondoka. Lakini reli haikuacha jengo peke yake. Treni ya mvuke haiwezi kupanda mwinuko mkali. Magurudumu yake huteleza juu ya chuma. Kwa hiyo aliyeijenga reli alilazimika kukizunguka kila kilima, kuchimba hapa, kujaza udongo pale, ili mwinuko uwe wa polepole daima. Mwinuko wa namna hiyo ndio hasa mguu wa mpanda baisikeli unaoutaka. Mahali pengi tuta hilo limelimwa mihogo, na mahali pengine limemezwa na vichaka. Bali vipo vipande ambavyo hata leo ukivipita na gunia la machungwa kwenye keria, utahisi mlima umekuwa mpole ghafla, wala huoni sababu. Sababu iko chini ya magurudumu yako. Babu zetu ndio waliolichimba na kulijaza tuta lile kwa majembe na makarai, kwa ajili ya magogo ya watu wengine. Ni haki ya wajukuu wao kulipita na machungwa yao wenyewe.

Ya tatu ni njia za mashamba ya mkonge. Mkonge uliletwa na Mjerumani aliyeitwa Richard Hindorf mwaka 1893. Husemwa kwamba katika miche elfu moja aliyoagiza kutoka Florida, iliyofika hai ni 62 tu, na kwa hiyo 62 yakaja mashamba yaliyoifunika pwani ya Tanga na nchi ya Bondei. Ndani ya mashamba hayo zilipita reli ndogo za kusukumia matoroli ya mkonge, na kando yake barabara zilizonyooka kama mstari wa rula. Mashamba mengi yamepungua au yamebadilishwa matumizi, lakini barabara zile zipo. Ni njia ngumu, zenye changarawe nzuri, na maji hayazisumbui. Hata hivyo mimi sizipendi. Hazina kivuli, hazina kona, hazina mtu wa kusalimiana naye, na jua la saa saba katikati ya mkonge humfanya mtu aone njia ikitembea naye badala ya yeye kuipita.

Mpanda baisikeli wa bonde la Zigi huziunga njia hizi tatu kwa maarifa yake. Hutoka mlimani kwa njia ya miguu pale isipokuwa kali sana, hudaka kipande cha tuta la reli, huvuka mto kwenye mawe wakati wa kiangazi au kwenye daraja la magogo wakati wa masika, kisha hukata mkongeni mpaka Muheza. Hakuna aliyemchorea. Hapo ndipo ninaposema kwamba njia ni kazi ya utamaduni: imetungwa na watu wengi kwa miaka mingi, kila mmoja akiongeza kidogo, na anayeipita hulazimika kuijua kwa moyo kama msimulizi anavyoijua hadithi.

Chombo chenyewe kinastahili maneno machache. Baisikeli ninayoisema si ile nyepesi ya mashindano. Ni ile nzito, nyeusi, yenye magurudumu ya inchi 28, breki za fito na madigadi ya bati. Kwanza zilikuja Raleigh za Kiingereza, ambazo wazee waliziosha kila Ijumaa na kuzifunika shuka. Baadaye Phoenix za Kichina na Hero na Avon za Kihindi. Ikifika mikononi mwa mbebaji hufanyiwa kazi upya. Fundi wa chini ya mwembe huongeza nondo katika keria, huimarisha fremu kwa kuichomelea, hutoa kengele akaweka nyingine yenye sauti kubwa zaidi. Mizigo hufungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu zilizochakaa. Kutoka juu hushuka iliki, pilipili manga, mdalasini, karafuu, ndizi, mafenesi, na katika msimu wake mbegu za msambu, zile zinazokamuliwa mafuta. Kutoka chini hupanda chumvi, sukari, mafuta ya taa, mabati, dagaa, na mara moja niliona kabati zima la vyombo likipanda kuelekea Kisiwani, mwenye baisikeli haonekani, ila miguu yake tu.

Nimejifunza zaidi kwa mzee mmoja ambaye kwa heshima nimezoea kumwita Mjomba, naye huniita Mwalimu. Amebeba iliki na machungwa katika bonde hili tangu ujana wake. Ndiye aliyenionyesha jinsi breki za fito zinavyodanganya wakati wa mvua, maana rimu ikilowa raba hainasi; basi mbebaji huvaa katambuga za tairi la gari, na penye mteremko huutanguliza unyayo, akaubana juu ya gurudumu la mbele. Katambuga jozi moja huisha kwa miezi michache. Palipo pakali zaidi hukata tawi lenye majani mengi, akalifunga nyuma liburure. Siku moja nilimwuliza kwa nini asipite barabara ya magari, ambayo ni pana na imechongwa vizuri.

"Mwalimu," akasema, "barabarani mimi ni kizuizi. Gari likija nyuma napigiwa honi nikae pembeni, na pembeni kuna korongo. Huku njiani mimi ndiye mwenye njia, hata mbuzi wananipisha."

Neno hilo la mwenye njia lina sheria zake, ingawa hazikuandikwa mahali. Anayepanda na mzigo hupishwa na anayeshuka, kwa kuwa aliyepanda akisimama hawezi kuanza tena. Anayeshuka hupiga kengele kabla ya kona, wala hangojei mpaka amefika. Ukimkuta mtu anasukuma mlimani na wewe huna mzigo, unaweka baisikeli yako chini, unamsukumia mpaka pale njia inapolala, kisha unarudi kuichukua yako. Huombwi, wala hushukuriwi kwa maneno mengi. Wadogo huanza kwa shikamoo, na mkubwa huitikia marahaba huku akiendelea kupumua kwa nguvu. Halafu hufuata habari za nyumbani, za mvua, za bei ya machungwa, zikirushwa kwa vipande huku watu wakipishana, na sehemu ya mwisho ya habari mtu huipata akiwa amekwisha kupotea nyuma ya migomba. Nimepata habari za misiba na za harusi kwa namna hiyo, siku mbili kabla ya kupata barua.

Siku hizi ipo pikipiki. Watu wa leo wakisikia bodaboda hufikiri pikipiki tu, lakini neno hilo lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako vijana wa baisikeli waliwabeba wasafiri kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Pikipiki imerithi jina, na polepole inarithi njia. Sitaki niwe mtu wa kuilaumu. Nimeona mama mwenye uchungu wa kuzaa akiteremshwa kwa pikipiki usiku hadi hospitali ya Muheza, jambo ambalo kwa baisikeli lingechukua usiku kucha, na kwa machela lingechukua zaidi. Lakini pikipiki huchimba njia kwa tairi lake la nyuma, na mfereji ule mwembamba inaouacha ndio maji yanaoutafuta. Vipande viwili vya njia ya mgongoni ninavyovijua mimi vimekuwa makorongo namna hiyo. Pikipiki imevihama, ikatafuta pengine, na wenye baisikeli hawakurudishiwa.

Wala nisiwapambe wenye baisikeli kuliko ilivyo. Njia isiyopitwa na magari hupendwa na mwenye mdalasini, na hupendwa vilevile na mwenye mbao za wizi. Hifadhi ya Amani ilipotangazwa rasmi mwaka 1997, baadhi ya njia zilifungwa kwa sababu hiyo, nami sikuona kosa. Mtambara na mvule havioti upya kwa mwaka mmoja. Mwaka 2003 na 2004 uliporipuka uchimbaji wa dhahabu huko Sakale, milimani humu humu, watu walimiminika kwa maelfu, nao walipita katika vichochoro hivi hivi. Mto uliogeuka tope wakati ule ndio huu unaoinywesha Tanga. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba njia zote ziachwe wazi, namwuliza njia ipi, ya nani, na inabeba nini. Maswali hayo hayajibiwi na ramani. Hujibiwa na wale wanaoijua njia yenyewe, na ndio maana kuwapoteza watu hao bila kuandika wanayoyajua ni hasara ya taifa.

Katika nchi nyingine watu wameanza kuzitamani njia za namna hii. Huko Ulaya na Marekani mchezo wa kuendesha baisikeli katika barabara za changarawe, mbali na magari, umekua sana katika miaka hii ya karibuni. Wanatafuta mabonde, vilima na njia za reli zilizokufa, na wamezigeuza baadhi ya hizo ziwe njia za baisikeli tupu. Mchezo huo umefika Afrika Mashariki. Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa timu iliyoitwa Amani (jina lisilohusiana na mlima wetu), alifariki Agosti 2022 katika mashindano ya changarawe jimboni Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33. Alikuwa ametumia nguvu zake ili vijana wa huku wapate nafasi katika mashindano yale makubwa. Na wageni wenye baisikeli nyepesi nimewaona katika vilima vyetu, simu zimefungwa kwenye usukani, zikiwaonyesha wapite wapi. Ni watu wa adabu, husimama wakasalimu. Mmoja alinionyesha katika simu yake njia ya kutoka chaini hadi mtoni, ambayo nimeipita mara nyingi. Ilikuwa imepewa jina, kwa lugha ya kigeni, na mtu aliyeipita mara moja.

Nilikumbuka habari ya ua. Katika miamba yenye unyevu kando ya vijito vya Usambara huota ua dogo la zambarau. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani, na mwaka uliofuata wataalamu wakaliita Saintpaulia. Leo limo madirishani mwa nyumba za watu duniani kote. Bibi zetu walilikanyaga wakichota maji. Walikuwa na namna zao za kuliita. Kitabuni likaingia jina la aliyelituma. Sidhani kwamba bwana yule alikuwa na nia mbaya. Yeye aliandika, sisi hatukuandika.

Basi mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili kazi ya likizo. Kila mmoja achague njia moja isiyopitwa na magari, kutoka kwao hadi sokoni au hadi mtoni, aiandike kwa mpangilio: majina ya miteremko, ya mawe ya kupumzikia, ya vivuko, ya miti mikubwa, na ya mashamba yaliyokuwa ya nani. Walalamike wapendavyo, lakini waulize wazee, na waandike jina la kila aliyewaambia. Nilidhani nitapata kurasa mbilimbili. Nilipata madaftari. Majina yaliyoletwa ya njia kutoka Kisiwani kwenda juu peke yake yalikuwa mengi kuliko yote yaliyomo katika ramani tuliyokuwa nayo shuleni, tena kwa eneo kubwa mara nyingi zaidi.

Kulikuwa na jambo ambalo sikulitazamia. Wavulana walileta majina ya miteremko: Vunja Kiti, Vua Kofia, Mama Nisamehe, na mengine yasiyofaa kuandikwa hapa. Wasichana, katika njia ile ile, walileta majina ya maji na ya kuni: chemchemi isiyokauka, mahali pa kutua mzigo wa kichwa, mti ambao chini yake mwanamke fulani alijifungua njiani. Ilikuwa njia moja yenye vitabu viwili, na wasomaji wa kitabu kimoja hawakujua kwamba kipo cha pili. Tulibishana darasani kipindi kizima jina lipi ni la kweli. Msichana mmoja akasema kwamba mwenye baisikeli haioni chemchemi kwa kuwa anaangalia breki. Darasa likacheka, naye akaongeza kwamba yeye huiona, kwa sababu ana baisikeli na pia ndiye anayetumwa maji. Hapo wavulana walinyamaza. Ikumbukwe kwamba siku zilizopita, katika vijiji vyetu hivi, msichana kupanda baisikeli lilihesabiwa jambo la aibu, na wako wazee waliompokonya binti baisikeli aliyoipanda kwenda shule. Yule msichana alikuwa akizungumza juu ya haki ambayo mama yake hakuwa nayo.

Madaftari yale yalikaa kabatini mpaka mwaka ambao shamba moja kubwa, ambalo sitalitaja, lilichimba handaki la mpaka. Handaki lilikata njia yetu ya kwenda sokoni, upana wa hatua mbili na kina cha kimo cha mtoto. Wenye magari hawakujua hata kwamba limechimbwa, kwa kuwa barabara yao iko upande mwingine. Wenye baisikeli waliamka asubuhi na mizigo yao, wakafika ukingoni, wakasimama. Kuzunguka kwa barabara ya magari ni saa moja na nusu zaidi, tena kupitia mpando ambao Mjomba, kwa umri wake, hakuweza kuusukuma tena. Kwake yeye handaki lile lilikuwa mwisho wa kazi.

Mkutano wa kijiji uliitwa. Msimamizi wa shamba alikuja, mtu mpole, akaleta ramani yake, akaifungua juu ya meza. Mwenyekiti akaiangalia, akaniuliza mbele ya watu: "Mwalimu, hiyo njia inayodaiwa iko katika ramani gani?" Ni dhahiri kwamba haikuwamo. Mstari wa mpaka ulipita juu ya njia yetu kama kwamba pale hapakuwa na kitu ila majani.

Mjomba akaomba kusema. "Ndugu Mwenyekiti," akasema, "mimi sijui kusoma karatasi ya bwana huyu, naye hajui kusoma ya kwangu." Kisha akaanza kuitaja njia kutoka sokoni, kituo baada ya kituo, bila haraka, kama mtu anayehesabu jamaa zake: hapa tunapumzika, hapa palikuwa na kwa fulani, hapa tuta la reli, hapa tunavuka. Nilikuwa nimemtuma mtoto shuleni. Akaja na daftari la yule msichana, lililoandikwa miaka mitatu kabla ya handaki, nami nikalisoma kwa sauti, nikifuata nyuma ya maneno ya Mjomba. Mahali pengi yaliafikiana. Pale yalipotofautiana, akina mama waliokaa nyuma walisema daftari ndilo sahihi, wakamtajia Mjomba chemchemi alizozipita miaka arobaini bila kuziona.

Msimamizi wa shamba aliliomba lile daftari, akalisoma kimya kwa muda mrefu. Hakusema kwamba njia ni ya kijiji, kwa kuwa, kama alivyoeleza, hakuwa na mamlaka ya kusema hivyo. Shamba lina hati, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huhusu ardhi ya kijiji, wala haivuki mpaka wa hati ile. Wako walioguna. Alisema tu kwamba handaki ni la kuzuia ng'ombe, na ng'ombe hapiti juu ya gogo. Wiki iliyofuata yaliletwa magogo mawili ya mtiki, yakalazwa pamoja, yakachongwa juu kidogo ili tairi lisiteleze. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. Akija msimamizi mwingine anaweza kuyaondoa asubuhi moja, na sisi tutakuwa na daftari letu na masikio yetu tu. Nimelinakili mara tatu. Nakala moja iko kwa mwenyekiti, moja kwa katibu wa shule, na moja kwa yule msichana, ambaye sasa ni mwalimu.

Siku za gulio, saa kumi na mbili asubuhi, utakuta baisikeli sita au saba zimesimama upande wa mlimani zikingoja zamu. Magogo hupitisha moja moja. Anayepanda na mzigo hutangulia, kama ilivyo sheria. Na anayevuka hushikiwa keria na aliye nyuma yake, mpaka gurudumu la mwisho liguse changarawe ya ng'ambo.